Kituo cha watoto cha kata mjini Tokyo: tathmini ya mama anayefanya kazi benki

Huu ni mwaka wa tatu tangu binti yetu aanze kwenda katika kituo cha kulelea watoto kinachoendeshwa na serikali ya kata tunayoishi mjini Tokyo, na katika muda huo wenzangu wengi waliohamishiwa Japani na benki zao wameniuliza kama mtoto wa mgeni hupokelewa huko, kama hutunzwa vizuri, na kama mzazi ambaye kazi yake inafuata saa za masoko ya fedha anaweza kuyamudu masharti yake. Ninaipa huduma hii alama za juu kuliko huduma nyingine yoyote tuliyoipata nchini humu. Hata hivyo ni huduma iliyopangwa kwa ajili ya familia ambayo angalau mzazi mmoja anaweza kufika langoni muda mfupi baada ya kuitwa, na familia ya benki isiyolijua jambo hilo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba itapata taabu.

Kituo cha aina hii Wajapani hukiita hoikuen. Kinatofautiana na yochien, ambayo ni shule ya awali iliyo chini ya wizara ya elimu na inayofunga mapema mchana. Hoikuen kipo kwa ajili ya wazazi wasioweza kukaa na mtoto mchana kwa sababu ya kazi, ugonjwa au sababu nyingine inayokubalika kisheria, na tangu Aprili 2023 vituo hivi viko chini ya Wakala wa Watoto na Familia wa serikali kuu. Uraia hauulizwi. Mkazi yeyote aliyeandikishwa katika kata ana haki ya kuomba nafasi, akapimwa kwa alama zilezile anazopimwa nazo jirani yake Mjapani.

Alama hizo ndizo zilizotutatiza. Mimi nilikuja kwa uhamisho wa ndani wa benki, kitengo cha usimamizi wa hatari za riba, ofisi yetu ikiwa Otemachi, mtaa wa ofisi na benki katikati ya Tokyo. Mume wangu, ambaye ni mhandisi wa programu, aliingia kwa kibali cha mtegemezi, na kibali hicho humruhusu mtu kufanya kazi saa zisizozidi 28 kwa wiki, tena kwa ruhusa ya pekee. Kata huangalia saa za kazi za wazazi wote wawili, kisha huamua kwa kumtazama yule mwenye saa chache. Kwa kawaida mzazi anayefanya kazi saa 120 au zaidi kwa mwezi huhesabiwa kuwa anahitaji malezi ya muda kamili, yaani hadi saa 11 kwa siku. Anayefanya pungufu hupewa muda mfupi wa saa 8. Zidisha 28 kwa wiki nne upate 112. Kwa hiyo mtu aliyejaza saa zote anazoruhusiwa na Idara ya Uhamiaji bado huangukia chini ya mstari, na benki zinazotuhamisha, pamoja na washauri wote zinaowalipa, mara nyingi hazilisemi jambo hili. Sisi tuliambiwa na karani wa ofisi ya kata, mama mmoja mwenye subira kubwa, aliyeandika hesabu hiyo kwa penseli pembeni mwa fomu yetu kisha akaigeuza fomu ituelekee ili tuisome wenyewe.

Tulifika Agosti 2022, na hilo nalo lilikuwa kosa la kalenda. Nafasi karibu zote hufunguka Aprili mosi, wakati watoto wanapopanda darasa, na maombi ya Aprili hupokelewa katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Anayehamia katikati ya mwaka akiwa na mtoto wa chini ya miaka miwili hutafuta mabaki. Kwa miezi saba tulimweka binti yetu katika kituo cha binafsi chenye ithibati ya serikali ya jiji la Tokyo, mfumo ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya familia za mjini ambazo vituo vya kata haviwatoshi. Vituo hivyo hujipangia ada, lakini kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu haziwezi kuzidi yeni 80,000 kwa mwezi kwa saa 220. Palikuwa mahali pema, ingawa chumba kilikuwa ghorofani juu ya duka na watoto hawakuwa na uwanja wao.

Aprili 2023 tulipata nafasi katika kituo cha kata, na ninakiri kwamba tulikuwa na bahati ya wakati. Aprili 2017 nchi nzima ilikuwa na watoto 26,081 waliokuwa wakingoja nafasi. Kufikia Aprili 2024 walibaki 2,567, kwa kuwa vituo vingi vilijengwa na watoto wanaozaliwa wamepungua. Hoja ya zamani kwamba mgeni asijisumbue kuomba imepitwa na wakati katika mitaa mingi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Kila mtoto mpya hupitia kipindi cha kuzoeshwa: siku ya kwanza hukaa saa moja au mbili, siku zinazofuata huongezewa kidogokidogo hadi chakula cha mchana, kisha usingizi, na siku kamili hupatikana baada ya wiki moja au mbili. Sina ubishi na utaratibu huo, kwa sababu nilimwona binti yangu akiacha kulia hatua kwa hatua. Ila unaangukia wiki za mwanzo za Aprili, na mwaka wa fedha wa Japani hufungwa Machi 31. Mtu wa benki anaombwa awe langoni saa 4:30 asubuhi katika siku zilezile ambazo hesabu za mwaka zinakaguliwa. Mume wangu aliubeba mwezi ule karibu peke yake.

Muda mfupi kwetu ulimaanisha saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Nani katika kazi yetu hutoka ofisini saa 10:20? Wakati wa baridi London hufungua saa 11 jioni ya Tokyo, kwa hiyo wenzetu wa huko walikuwa wanawasha kompyuta zao wakati kituo kinafunga mlango kwa familia za muda mfupi. Julai mume wangu alipata ajira ya kudumu na kibali chake mwenyewe, kata ikatubadilishia kuwa muda kamili, na tangu hapo tuna saa 1:15 asubuhi hadi saa 12:15 jioni, pamoja na saa moja ya nyongeza kwa malipo. Ninamsihi kila anayehamia na mwenzi anayetaka kufanya kazi asisubiri: suala la kibali cha mwenzi lishughulikiwe pamoja na maombi ya kituo, kwa sababu kwa kata hayo mawili ni jambo moja.

Sasa niseme kinachofanyika ndani. Sheria ya nchi inataka mlezi mmoja kwa kila watoto watatu wa chini ya mwaka mmoja, mmoja kwa kila sita wa mwaka mmoja na miwili, na mwaka 2024 viwango vya watoto wakubwa viliboreshwa baada ya kukaa bila kuguswa kwa miongo mingi: mlezi mmoja kwa watoto 15 wa miaka mitatu badala ya 20, na kwa 25 wa miaka minne na mitano badala ya 30. Walezi ni watu waliosomea kazi hiyo na kupata leseni ya taifa. Nimewaona wakiwapeleka wadogo bustanini ndani ya mkokoteni mkubwa wa kusukumwa, watoto watano wamesimama wameshika ukingo, kila mmoja na kofia ya rangi ya darasa lake, na mlezi akisimama kwenye kila kona ya barabara kuhesabu kwa sauti.

Kiungo kati ya nyumba na kituo ni daftari. Kila asubuhi mzazi huandika saa mtoto aliyolala na aliyoamka, joto la mwili, alichokula usiku na asubuhi, na choo chake kilikuwaje. Jioni daftari hurudi na majibu ya mlezi. Yote kwa Kijapani, na miezi ya kwanza nilitumia programu ya kutafsiri ya simuni, ambayo mara nyingine ilinipa sentensi zisizoeleweka. Mlezi wa darasa alipogundua, alianza kuandika kwa herufi rahisi za kusomeka na kuchora kando yake. Siku moja alichora koleo dogo na matone ya maji kuonyesha kwamba binti yetu alikuwa amemwagilia maji nyanya pamoja na mguu wa mwenzake. Madaftari yale tunayo yote. Hakuna mtu mwingine, hata mimi mama yake, aliyeandika maisha ya mwanangu siku kwa siku kwa uangalifu wa namna hiyo.

Chakula hupikwa papo hapo. Sisi ni Waislamu, na hili ndilo lililokuwa likinitia wasiwasi zaidi. Mtaalamu wa lishe alituita kabla ya Aprili, akatandaza orodha ya chakula cha mwezi mzima mezani, akaanza kupiga mstari mwekundu kila palipo na nguruwe. Nilipotaja mirin, divai tamu ya mchele inayotiwa katika mapishi mengi ya Kijapani na yenye kileo, alinyamaza kidogo, akaenda jikoni, akarudi na chupa yenyewe pamoja na chupa ya mchuzi wa soya, akatusomea maandishi ya nyuma neno kwa neno. Tulikubaliana kwamba sahani ya binti yetu itapikwa bila nguruwe na bila mirin, na kwamba siku ambazo haiwezekani wataniarifu mwanzoni mwa mwezi nimfungie chakula cha nyumbani. Siku hizo hazizidi tatu kwa mwezi. Sahani yake huja na kadi ya rangi yenye jina lake, na walezi wawili huisoma kadi hiyo kwa sauti kabla hajapewa. Ninajua familia katika kata nyingine zilizoambiwa walete chakula chao kila siku, kwa hiyo ulizeni mapema.

Gharama si kikwazo. Tulipoingia, ada ya watoto wa darasa la chini ya miaka mitatu ilikadiriwa kwa kodi ya makazi ya wazazi wote wawili, na mgeni ambaye hakulipa kodi hiyo mwaka uliotangulia alitakiwa kuleta uthibitisho wa mapato aliyoyapata nje ya nchi, jambo lililoniingiza katika wiki mbili za kuandikiana na ofisi ya mishahara. Kuanzia darasa la miaka mitatu ada ni bure kwa nchi nzima tangu Oktoba 2019. Jiji la Tokyo limeongeza lake: watoto wa pili wa umri mdogo walisamehewa Oktoba 2023, na tangu Septemba 2025 hata mtoto wa kwanza. Shule za awali za Kiingereza ambazo wenzangu wengi huchagua huweza kuzidi yeni milioni 2 kwa mwaka, na benki zisizolipia karo ya umri huo ni nyingi.

Kinachochosha ni joto la nyuzi 37.5. Mtoto akifikia hapo simu hupigwa, na mzazi hutakiwa kuja. Katika miezi sita ya kwanza binti yetu alikaa nyumbani siku 27 za kazi, na mafua makali (influenza) yakimpata mtoto wa umri huu harudi mpaka zipite siku tano tangu augue na siku tatu tangu homa iishe. Sheria humpa kila mzazi siku tano kwa mwaka za kumuuguza mtoto mmoja, na mwajiri halazimiki kuzilipa. Vipo vyumba vya kulelea watoto wagonjwa, vingine ndani ya zahanati, ambavyo hutoza takriban yeni 2,000 kwa siku. Lakini huhitaji barua ya daktari na nafasi hujaa alfajiri. Matibabu yenyewe kwa watoto katika kata za Tokyo ni bure, na hilo lilitupunguzia mzigo sana.

Lipo pia jambo lililoniudhi. Katika fomu tuliandika namba ya mume wangu kwanza, kwa sababu yeye hufanya kazi karibu. Kwa zaidi ya mwaka mzima simu zilikuja kwangu. Nilitoka mara nne katika vikao vya kamati ya hatari kupokea simu ambayo baba yake angeipokea mara moja. Tulipolisema katika kikao cha wazazi na mlezi, mkuu wa kituo aliomba radhi, akabandika karatasi ukutani juu ya simu ya ofisi yenye maneno manne tu, kwamba kwa mtoto huyu ni baba kwanza. Tangu siku hiyo halijatokea tena. Lakini nilitamani isingehitaji karatasi.

Kwa upande mwingine, siku niliyowahitaji kweli hawakuniangusha. Jumatatu ya Agosti 5, 2024 fahirisi ya Nikkei ya soko la hisa la Tokyo ilianguka pointi 4,451, asilimia 12.4 kwa siku moja, na mume wangu alikuwa Osaka. Saa 11:10 jioni nilipiga simu kuomba saa ya nyongeza, inayoruhusiwa kuombwa siku hiyohiyo kwa mamia machache ya yeni. Aliyepokea hakuniuliza sababu. Nilifika saa 1:08 usiku, nguo zimelowa jasho la kukimbia kutoka kituo cha treni, nikamkuta binti yangu amekaa sakafuni na mlezi mmoja, wamekunja karatasi za rangi zikawa safu ya samaki. Vituo hivi havifungi kwa likizo ndefu ya kiangazi. Hupumzika Jumapili, sikukuu, na kuanzia Desemba 29 hadi Januari 3.

Jambo ambalo sikulifikiria kabla ya kuja, na ambalo sasa naliweka mbele ya mengine yote, ni tetemeko la ardhi. Kila mwezi kituo hufanya zoezi la kuwatoa watoto. Huvaa kofia nene za pamba zinazofunika kichwa na mabega, huinama chini ya meza, kisha hutoka uwanjani mmoja nyuma ya mwingine. Kila mwaka karibu na Septemba mosi, kumbukumbu ya tetemeko kubwa la mwaka 1923, wazazi hushiriki zoezi la kukabidhiwa watoto: hakuna mtoto anayetoka bila mtu aliyeandikwa katika kadi yake kusimama mbele ya mlezi na kutaja jina. Kituo kitamshika mtoto usiku kucha, na hata usiku unaofuata, mpaka mmoja wetu afike. Benki nayo ina maagizo yake. Baada ya tetemeko kubwa la Machi 11, 2011, treni zilipokwama na umati ukatembea usiku kurudi nyumbani, jiji lilitunga amri iliyoanza Aprili 2013 inayowataka waajiri kuweka akiba ya chakula na maji ya siku tatu na kuwazuia wafanyakazi wasikimbilie barabarani wote kwa pamoja. Yaani kwa mujibu wa mpango mmoja mimi nibaki ghorofa ya 24, na kwa mujibu wa mwingine mwanangu ananingoja. Tulipouona mgongano huo tulihama nyumba. Tulitafuta mahali ambapo kazi ya mume wangu iko dakika 15 kwa miguu kutoka kituoni, na Jumapili moja mimi na yeye tulitembea kutoka Otemachi hadi langoni ili nijue njia bila ramani: saa moja na dakika 20. Viatu vya kutembelea viko chini ya meza yangu ofisini, na sote wawili tumejifunza kuacha na kusikiliza ujumbe kwa namba 171, ambayo hufunguliwa wakati wa maafa.

Yapo madogo yanayokula wikendi. Kila nguo, kila soksi na kila nepi lazima iandikwe jina. Shuka za kulalia hurudishwa nyumbani Ijumaa kufuliwa na kutandikwa upya Jumatatu asubuhi, jambo ambalo kwa mtu mwenye mkutano wa saa 2:30 si dogo hata kidogo. Hadi hivi karibuni wazazi wa vituo vingi walirudi nyumbani na mfuko wa nepi chafu za siku hiyo. Mwanzoni mwa 2023 serikali kuu ilivishauri vituo vizitupe vyenyewe, nasi tuliingia wakati ule ule.

Na kuna zawadi ambayo hakuna mshahara wa ughaibuni unaoweza kuinunua. Wazazi na walezi hapa humwita mama kwa jina la mtoto wake, kama tunavyoitana sisi, kwa hiyo siku ya kwanza tu mtaani niliitwa kwa namna niliyoizoea maisha yangu yote. Kupitia lango lile tumepata majirani wanaotuletea persimoni za mti wao, fundi wa baiskeli aliye baba wa mwanafunzi mwenzake, na bibi wa ghorofa ya chini anayemsubiri binti yetu amsomee neno jipya. Nyumbani tunasema Kiswahili, na huko anaongea Kijapani haraka kuliko mimi nitakavyoweza kamwe. Wenzangu waliochagua shule za Kiingereza wana watoto wenye furaha pia, lakini wengi wao wanawajua watu wa benki tu.

Sheria inataka mgeni aandikishe anwani yake katika ofisi ya kata ndani ya siku 14 za kuhamia. Siku hiyohiyo, kabla ya kutoka katika jengo, ulizeni dawati la malezi ya watoto liko wapi, mpeleke kadi zenu za ukaazi na barua za ajira za nyote wawili, na muombe mwongozo wa maombi wa mwaka unaofuata. Hutolewa bure, na kwa kata yetu kuna nakala iliyoandikwa kwa Kijapani rahisi.